Madam Tryphena na Mabeki Wasiofungua Mdomo

Tryphena Muhonja ni mwalimu wa upishi katika chuo chetu cha ufundi hapa Voi, na kama hujamwona akikanda unga wa mandazi, hujajua mikono ya binadamu inaweza kukasirika kiasi gani. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge, kwa baba aliyetoka Vihiga kutafuta kazi na asirudi tena kwao, na mpira alijifunza na kaka zake katikati ya mistari ya mkonge, mahali ambapo ukianguka vibaya unachomwa. Akakua beki. Alichezea timu za wanawake Mombasa mpaka goti likamkataa, akarudi Voi, akasomea upishi, akaajiriwa chuoni. Haya yote aliniambia mwenyewe, maana mimi ndiye hubeba sanduku la huduma ya kwanza la timu ya wavulana, na mwenye goti bovu lazima atanitafuta tu. Kazi yangu halisi ni maabara. Kiwanjani wananiita Dakta, nami sijawahi kumsahihisha mtu.

Mwaka jana chuo cha Taveta kilimchukua Donald, msaidizi wa kocha wetu. Nilikasirika, nisiseme uongo. Kocha mkuu Munyao, Mkamba mpole anayefundisha umeme, hushughulika na washambuliaji. Ulinzi ulikuwa mali ya Donald. Na Donald alikuwa na koo. Alisimama pembeni mwa kiwanja akapiga kelele tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. "Panda!" na mabeki wote wanne wakasogea mbele kwa pamoja, washambuliaji wa watu wakabaki nyuma yao wakiwa wameotea, kibendera juu. "Baki!" wakatulia. "Kulia!" wakaenda kulia. Misimu mitatu hatukufungwa ovyo, na kila mtu mjini alisema tuna ukuta. Mimi nilisema hivyo kuliko wote.

Munyao akamwomba Madam Tryphena ashike nafasi ile. Kamati ya michezo ilikubali shingo upande, tena kwa sharti: tukilipoteza kombe la vyuo vya kaunti, Donald atabembelezwa arudi, na Madam atarudi kwa sufuria zake. Mwenyekiti aliyasema hayo mbele yake huku akitabasamu, utadhani anamtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Madam akamjibu, "Sawa, Mwenyekiti," akaenda zake. Lakini jioni nilipopita jikoni nilimkuta anachapa unga wa chapati mezani kwa nguvu ambazo chapati hazihitaji. Aliitaka kazi ile. Tangu goti limtoe uwanjani hakuwa amekitaka kitu kingine kiasi hicho.

Mechi ya kwanza tulicheza Mwatate. Tulifungwa manne. Madam alisimama palepale Donald alipokuwa akisimama, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Mabeki wetu walikuwa kila mara wanageuza shingo kutazama pembeni, wanangoja, na huku mpira unapita. Wanafunzi walioandamana nasi wakaanza kumwita kocha wa mandazi. Bao la tatu lilipoingia, uvumilivu ulinishinda.

"Madam, kwani utasimama hapo tu kama mlingoti? Wapigie kelele!"

"Nikipiga mimi, wao wataanza lini?" akasema, bila kunitazama. "Hebu wasikilize, Dakta. Wasikilize vizuri."

Nikasikiliza. Kocha wa Mwatate alikuwa anaongea, mabeki wake wanaongea, hata mchuuzi wa maji alikuwa anaongea. Wa kwetu wanne walikuwa kimya kama watu walio kwenye maombi. Hawakusemezana neno. Misimu mitatu Donald alikuwa ndiye mdomo wao, na alipoondoka aliondoka nao. Kumbe ule ukuta tuliokuwa tukijivunia ulikuwa koo la mtu mmoja. Sikupenda kuligundua hilo, hasa kwa sababu ya kelele nilizopiga mjini.

Basi akaanza mazoezi yake. Aliwakataza watu wote walio pembeni kusema chochote, Munyao akiwemo, mimi nikiwemo. Mabeki wakacheza, na yeyote akipokea mpira bila mwenzake kumwambia kitu, wote wanne walikimbia kuzunguka kiwanja. Siku za mwanzo walikimbia mpaka nikawaonea huruma. Baadaye beki wa kushoto akaanza kuongea. Kipa akaanza kuongea, na yule akishaanza haishi. Tukaacha kufungwa manne, tukawa tunafungwa moja, kisha kuna mechi hatukufungwa kabisa.

Upande wa kulia tu ndio uliobaki umekufa, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Anayepaswa kuongoza mabeki ni yule wa kati, kwa sababu anaona kiwanja chote. Wetu ni Hillary, kijana wa Werugha, kule juu milimani kwenye baridi, mwenye akili na macho ya mwewe. Beki wa kulia ni Elijah, naye ni wa Werugha, mtu mzima aliyeacha biashara ya maziwa akaja kusomea ufundi wa mabomba, na mbio bado anazo. Sasa Elijah ni mjomba wake Hillary. Ndugu wa mama, tumbo moja. Mimi ni Mdawida, yaani Mtaita, wa Wundanyi, nimelelewa kwenye baridi ileile, na nakwambia huwezi ukasimama mbele za watu ukamfokea mjomba wako kwa jina lake. Afadhali umtemee mate mchungaji. Donald aliweza kumfokea Elijah kwa sababu hawakuwa ndugu. Hillary aliona hatari inakuja, akamgeukia mjomba wake, akasema kwa adabu zote, "Mjomba, samahani, hebu sogea nyuma kidogo." Alipofika kwenye neno "kidogo", mpira ulikuwa wavuni.

Madam alipoelewa, hakucheka. Wengine wangecheka. Aliniomba nimpeleke Werugha kwa mama wa kijana, ili nimsaidie kuingia nyumba ya watu kwa heshima. Tulipanda Jumamosi, yeye na keki mapajani, mimi na koti ambalo Voi huwa halina kazi. Tulimkuta Margaret kwenye matuta yake ya kabichi, ukungu umeshuka mpaka mabegani, ng'ombe wake anakohoa zizini. Tulipewa chai ya maziwa matupu kabla hata ya kuulizwa tumefuata nini.

"Mama, nimekuja kuomba ruhusa," Madam akasema.

Margaret akaweka kikombe chini. "Hillary ameharibu mtoto wa watu?"

"La, hapana! Naomba ruhusa amfokee mjomba wake."

Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Elijah? Huyo nimembeba mgongoni. Mimi nikimwita hapa, nasikika mpaka Mgange, wala sisemi tafadhali."

"Wewe ni dada yake, mama. Hillary je?"

Kicheko kikaisha. "Hapo ndipo pagumu, mwalimu. Ruhusa hiyo mimi siwezi kuitoa. Heshima ni ya Elijah. Aitue mwenyewe, mtu mwingine hawezi kumtua."

Tulirudi Voi mikono mitupu, ukiacha kabichi tulizopewa. Madam alimwita Elijah jikoni, akamweleza kwa upole kwamba Hillary anashindwa kumwongoza kwa kumwonea haya, akamuuliza kama angeweza kumruhusu. Elijah alivimba. "Kwa hivyo shida ya timu ni mimi? Enzi za Donald nilikuwa na shida?" Akatoka. Kuanzia siku hiyo alifanya mazoezi yote aliyoambiwa, lakini salamu ya Madam aliijibu kwa kichwa tu. Nilimshauri Madam amweke benchi. Alikataa. Alisema hajaona beki wa kulia mzuri kama yeye katika kaunti hii, na kwamba mtu haondolewi kwa kosa la kuheshimiwa. Kweli nilidhani amejichimbia kaburi.

Tulifika fainali kwa sababu washambuliaji wa Munyao walikuwa wanafunga kuliko tulivyofungwa. Na kama ilivyo desturi ya dunia kumchokoza mtu, tukapangiwa Taveta. Ya Donald.

Fainali ilichezwa kwetu Voi, saa kumi, jua likiwa bado linauma na vumbi jekundu limeshapaka soksi za kila mtu. Margaret alishuka na akina mama wa kanisa lake, wamevaa sweta. Sweta, Voi! Wanafunzi wetu waliwapisha kwenye kivuli. Donald alikuja na tracksuit mpya, akatukumbatia wote, akawapiga mabeki wetu mabegani mmoja mmoja. Kwa Madam akasema, "Dada, umenitunzia vijana?" Madam akamwambia ndiyo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amekaa nyuma yetu, na nilimwona akimpungia Donald mkono kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo.

Tulianza vizuri. Halafu Taveta wakaunyakua mpira katikati, na Donald, akiwaambia mabeki wake mwenyewe wasogee mbele, akafungua lile koo.

"Panda!"

Mabeki wetu wote wanne wakapanda.

Naapa walipanda kama askari wa gwaride. Sauti ilikuwa ya Taveta sasa, lakini miguu yao haikuwa imepata habari. Nyuma yao pakabaki shamba tupu, mpira mrefu ukarushwa juu ya vichwa vyao, winga wa Taveta akatokea mbali akakimbia peke yake mpaka golini. Moja bila. Donald mwenyewe alishangaa kwanza, nilimwona. Kisha akaelewa, na akacheka. Kuanzia hapo alitufanya vikaragosi. Alipiga kelele hata pasipo na sababu, akiwatazama watu wetu wala si wake, na kila alipoita, mguu wa mmoja wao ulishtuka. Nilinyanyuka nikamwambia refa huo ni uhuni. Refa akaniambia nikae na sanduku langu.

Bao la pili ndilo lililoniuma. Winga wao alikuwa anakuja upande wa Elijah, na Hillary aliona yote. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Mjomba, samahani, naomba ubaki..." Donald akaunguruma, "Panda!" Elijah akapanda. Hillary akabaki. Katikati yao ungeweza kupitisha trekta, na winga akapita. Mbili bila. Elijah alisimama pale alipokuwa, mikono kichwani, akimtazama mpwa wake, na mpwa wake akitazama chini.

Mapumziko tuliketi kwenye nyasi kavu. Munyao aliongea na washambuliaji wake. Mwenyekiti akaja, akasimama karibu na Madam, akasema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie, "Nafikiri tumeshaona." Akaondoka. Madam aligawa machungwa aliyoyakata mwenyewe, kila mtu kipande chake, kisha akakaa chini mbele ya mabeki.

"Nyinyi mmemsikia Donald kwa sababu hapo kati yenu hakuna mtu anaongea kwa sauti," akasema. "Ni hivyo tu. Simkasirikii, na nyinyi siwakasirikii. Lakini anayeona ni Hillary, na nyinyi mnamfuata mtu wa Taveta."

Hillary alikuwa anang'oa nyasi. Ndipo Elijah akasimama, akalitema ganda la chungwa.

"Madam, nimekukasirikia bure siku hizi zote," akasema. "Nimeenda kwa sauti ya mtu wa mbali, na mtoto wa dada yangu yuko hapa karibu ananinong'oneza. Hillary, nitazame. Ukinionea haya leo, ndipo unaponiaibisha. Niite jina."

"Mjomba, siwezi."

"Hapa hakuna mjomba. Niite Elijah. Kwa sauti, mama yako asikie."

"Siwezi, haki siwezi."

"Basi tutafungwa sita, na Madam atafukuzwa kwa ajili ya adabu yako." Akaketi. Sijui Hillary alifikiria nini katika dakika zile, lakini chungwa lake hakulila. Madam naye hakuongeza neno. Mimi ningeongeza mia.

Kipindi cha pili kilianza, na Taveta wakaja na kiu ya bao la tatu. Mpira ukaenda kwa winga yuleyule. Donald akavuta pumzi. Nilimwona kifua kikijaa.

"Panda!"

"Elijah, baki!"

Sauti ilitoka kwa Hillary, nyembamba, imepasuka katikati, lakini ilifika. Elijah alibaki. Winga akamkuta mbele yake, akapoteza mpira. Kwenye kivuli akina mama wa Werugha walishika midomo. Nilidhani wataondoka. Margaret akasimama, sweta na yote, akapiga kigelegele kilichowafanya Taveta wote wageuke, na wenzake wakamfuata. Ndugu zangu, nilipiga kelele mpaka sanduku likaanguka.

Baada ya hapo Hillary hakunyamaza tena. Ilikuwa ni kana kwamba maneno ya misimu mitatu yalikuwa yamerundikana ndani yake. "Elijah, rudi! Elijah, wako! Elijah, umelala?" Hilo la kulala nafikiri halikuwa la lazima, lakini Elijah alicheka huku anakimbia. Beki wa kushoto akadakia, kipa akadakia, nyuma pakawa soko. Donald aliita "Panda!" mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na wa kwetu hawakugeuza hata jicho. Walipanda Hillary aliposema wapande. Washambuliaji wa Taveta walinaswa wameotea tena na tena, mpaka mmoja wao akamtupia mshika kibendera maneno, akapewa kadi.

"Elijah, nenda!" Akaenda, ubavu wote wa kulia, akapiga krosi, na mshambuliaji wa Munyao akaiweka kwa kichwa. Mbili moja. Munyao mpole alirusha kofia yake, nayo ikapotea moja kwa moja. La pili lilitoka kwenye kona iliyozua vurugu, miguu mingi, vumbi jingi, mpira ukajikuta ndani. Mbili mbili. La tatu lilianzia nyuma. Hillary aliwapandisha wote kwa wakati mmoja, Elijah akaunasa mpira kabla haujamfikia winga, akampa kiungo, kiungo akampa mshambuliaji, na nyavu za Taveta zikatikisika. Kiwanja kilizama kwa kelele.

Nilimgeukia Madam nimkumbatie. Alikuwa palepale, mikono nyuma, mdomo umefungwa, machozi yanamteremka wazi na wala hajayafuta. Nikamwacha.

Dakika za mwisho Taveta walikuja wote, hata kipa wao. Mpira mrefu ulirushwa upande wa kulia. Mimi ningepanda, nakiri, na Donald alipiga ukelele mkubwa kuliko zote, koo likamkatika katikati ya neno. Hillary akaita baki. Wanne wakabaki, wamejipanga, na Elijah akaruka akaupiga mpira kwa kichwa mpaka nje ya uzio, barabarani. Refa akapuliza. Tatu mbili. Kombe letu.

Sitaki kueleza jinsi nilivyokimbia, kwa umri wangu. Wanafunzi walimbeba Elijah, wakambeba Hillary, wakajaribu kumbeba Munyao wakashindwa. Wale waliokuwa wakimwita Madam kocha wa mandazi walikuwa mstari wa mbele kumwimba jina, na sura zao hazikuwa na aibu yoyote. Donald alikuja kwetu, hana sauti kabisa. Alimpa Madam mkono wake, akauinamia, akaenda kwa vijana wake.

Kisha akaja mwenyekiti. Alikuwa na lile tabasamu, ila safari hii lilikuwa limepoteza njia. Akasema kamati haina haja ya kukaa tena, kazi ni ya Madam kwa muda anaoutaka yeye. Madam akamshukuru. Mwenyekiti akajikuna shingo, hakuondoka.

"Ila nikuulize, Madam. Nimekutazama mechi nzima. Hukusema kitu. Ulikuwa unafanya nini hapo?"

Tryphena Muhonja akafuta uso kwa kiganja, kikaacha michirizi myekundu ya vumbi.

"Nilikuwa nawasikiliza," akasema. "Kwani wewe hukuwasikia?"